Punje ya Ishirini na Saba

Kwa miaka mitatu Mukandori aliishi chini ya paa moja na mkwe wake bila kumwambia neno hata moja uso kwa uso. Usidhani walikuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima. Kwao Masisi, mama hasemezani na mume wa binti yake, hali naye sahani moja, hamtaji jina, na wakikutana njiani mmoja hupisha majanini. Huku Walikale, alikoolewa binti yake Umuhoza, wenyeji nao walikuwa na yao yanayofanana na hayo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Isidore, ndiye mkwe, alipotaka mama mkwe ajue kwamba mvua inakuja na kuni ziko nje, alimwambia mbwa. Mukandori alipotaka chumvi kutoka soko la Mubi, aliuambia mlango. Mambo makubwa yalipitia kwa Umuhoza. Na Umuhoza akiwa hayupo, yalipitia kwa Mamy, mjukuu wa miaka mitano, ambaye aliipenda kazi hiyo kupita kiasi na mara nyingine aliongeza ya kwake. "Papa, Koko anasema ulete chumvi na biskiti." Isidore alijua kabisa kwamba biskiti hazikutoka kwa Koko, ndivyo mtoto alivyomwita bibi yake, lakini angemuuliza nani? Alizileta.

Wiki ile Umuhoza hakuwepo. Alikuwa amepanda kwenda Lushebere kumsaidia shangazi yake kuvuna maharagwe, na aliondoka Jumapili baada ya misa. Nyumbani wakabaki watatu, na mbwa.

Isidore alikuwa mwindaji, kama baba yake. Bunduki yenyewe ilikuwa ya baba yake, kalibre duze, yaani kumi na mbili, ya zamani, kitako chake kimefungwa waya mahali kilipopasuka. Nguruwe wa msituni walikuwa wamemaliza mihogo ya watu wa kando ya barabara, na kila siku kulikuwa na mtu anayekuja kumwita. Shida haikuwa nguruwe, shida ilikuwa kartushi za bunduki. Pale Mubi kartushi moja mpya ilikuwa imefikia bei ya jogoo, na nguruwe hangoji umlenge vizuri. Ukikosa mara moja, umemtupa jogoo porini.

Basi Isidore alijifunza kubana matumizi. Kila kartushi aliyopiga, ganda lake aliliokota akalitia mfukoni, nalo akalijaza tena nyumbani. Baruti aliinunua kidogo kidogo, ikakaa kwenye chupa iliyoning'inizwa juu, mbali na moto na mbali na Mamy. Risasi, ile metali yenyewe, aliipata kwa dereva mmoja wa malori ya Mubi, kutoka kwenye betri iliyokufa. Aliiyeyusha ndani ya kopo la sadini, palepale kwenye mafiga ya Mukandori baada ya chakula kuiva, kwa kuwa makaa yalikuwa bado mekundu na kuni nazo ni gharama. Kisha aliimimina kwenye kalibu, zikatoka punje nyeusinyeusi, kila moja ukubwa wa haragwe. Kartushi moja ilikula punje tisa.

Mukandori alipenda kumtazama akifanya kazi hiyo, ingawa alimtazama kwa upande, kama inavyopasa. Kilichompendeza zaidi ni namna alivyochagua. Si kila punje hutoka duara. Nyingine hutoka na mkia, nyingine na shavu lililobonyea, na hizo zikipigwa huenda zinakotaka zenyewe. Kwa kawaida Isidore aliziweka kwenye sinia, wiki ile kwenye ungo, akauinamisha kidogo upande mmoja, akautikisa taratibu. Zilizo duara ziliteremka zenyewe mpaka ukingoni. Zenye kasoro zilibaki nyuma zimeduwaa, akazirudisha kwenye kopo. Mukandori aliwaza kwamba mwanamume huyu angezaliwa mwanamke, angewashinda wengi kwa kuchambua maharagwe.

Lakini ungo ule ulikuwa wa Mukandori. Aliusuka mwenyewe, akatoka nao Masisi kichwani, na ndio aliopepetea chakula cha nyumba nzima. Jumatano ile, alipouona umejaa risasi, moyo wake ulikataa. Angesemaje? Umuhoza hayupo. Kumtuma Mamy aende kumwambia baba yake kwamba Koko anamnyima ungo, hilo ni tusi, na tusi likibebwa na mtoto huwa zito mara mbili. Kuuambia mlango kungemfanya mkwe aone haya mbele ya majirani. Akanyamaza. Isidore alipomaliza, Mukandori aliuchukua ungo, akaupangusa kwa kitambaa chenye maji, akautundika mahali pake.

Alidhani ameupangusa vizuri.

Hapa kuna jambo ambalo hakuna mtu aliyelijua. Tangu mvua za mwaka uliopita, macho ya Mukandori yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kwanza jicho la kulia, halafu yote mawili. Uso wa mtu aliujua kwa umbo na kwa sauti. Maharagwe aliyachambua kwa vidole, na vidole vyake vilikuwa na akili nyingi. Jiwe vilijua, vilikuta lina ukali. Haragwe lililotobolewa na wadudu vilijua, lina kitundu. Lakini punje ya risasi iliyochaguliwa na Isidore ni laini na duara, haina ukali wala kitundu. Na pale chini ya ukingo wa ungo, ambapo uzi wa kushonea ulikuwa umelegea, punje mbili zilikuwa zimejibanza.

Alhamisi asubuhi alisikia mkwe wake, barazani, akimwambia mbwa.

"Zilikuwa makumi mbili na saba. Sasa iko makumi mbili na tano. Mbili imeenda wapi?"

Mbwa hakuwa na habari. Mukandori naye alikuwa kwenye maharagwe, anapepeta, na hakutilia maanani. Vitu huanguka, hubingirika chini ya kitanda, huonekana siku ya kufagia.

Mchana wakala maharagwe na ndizi. Isidore alikula barazani, Mukandori na Mamy jikoni. Mtoto alikuwa anakula haraka kwa sababu wenzake walikuwa wanamngoja nje. Mara akaacha kutafuna, akashika koo, akameza mate.

"Koko, nimemeza kajiwe. Kalikuwa kanateleza."

Sikiliza, jiwe kwenye maharagwe ni aibu ya aliyepepeta. Mukandori alimwambia mtoto anywe maji, akamwambia vijiwe vidogo havina neno, akamwacha aende kucheza. Kisha akaanza kukwangua chungu. Mwiko ulipofika chini kabisa, kitu kiligonga. Alikitafuta kwa vidole ndani ya mchuzi, akakitoa, akakiweka katikati ya kiganja. Kilikuwa kidogo kama haragwe, na uzito wake haukuwa wa jiwe.

Aliketi. 

Mbili zilipotea, moja iko hapa mkononi. Ile nyingine haikuhitaji kutafutwa chini ya kitanda.

Sasa atazame atapeleka vipi habari hiyo. Mamy ndiye mjumbe wa nyumba, na Mamy ndiye mwenye risasi tumboni. Alimwita jirani yao, Godelieve, hakuitika, alikuwa shambani. Basi Mukandori akafanya alichozoea. Aliiweka ile punje katikati ya ungo mtupu, akausukuma ungo mpaka kwenye kizingiti, akarudi nyuma. Aliamini mtu mzima akiona atafahamu.

Isidore aliiona. Akaiokota, akaipangusa kwenye suruali, na uso wake ukafunguka.

"Unaona," alimwambia mbwa, "ikitafutwa inapatikana. Imebaki moja tu." Akaidondosha kwenye mkebe, ikalia pamoja na wenzake, naye akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani.

Mukandori alisimama nyuma ya mlango akisikiliza ule wimbo. Mkono wake ulikuwa umeshika mwimo. Miaka mitatu. Kabla ya hapo, mama yake alikuwa na mkwe, na bibi yake alikuwa na mkwe, na wote hao walikufa bila kuvunja desturi hiyo. Alitoka nje, akasimama mbele yake, akamwangalia pale alipojua kuna uso.

"Papa Mamy, ile ingine iko mu tumbo ya mutoto."

Isidore alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Hata kabla ya kuelewa maneno alikuwa amegeuza kichwa pembeni, kwa adabu. Halafu maneno yakamfikia, akakirudisha kichwa.

Alimkamata Mamy katikati ya mchezo, akamweka mabegani, akachukua njia ya poste ya afya, ile zahanati ndogo, mwendo wa saa moja. Mukandori alifuata nyuma kwa fimbo, akifuata zaidi mlio wa viatu kuliko njia yenyewe. Mamy, huko juu, alikuwa anawapungia watu mkono kama ametoka harusini.

Muganga wa pale, yaani tabibu, aliitwa Luc, kijana mwembamba asiyependa maneno mengi. Alimlaza mtoto, akambonyeza tumbo hapa na hapa, akamsikiliza kifua, akamuuliza panauma wapi. Mamy akasema panauma kwenye goti, alianguka jana. Luc akaketi, akawaeleza. Kitu kidogo cha duara namna ile, mara nyingi hupita chenyewe kwa siku mbili tatu. Wampe papai lililoiva na uji, wamwache akimbie. Lakini wasibaki kudhani tu kwamba kimetoka, lazima wakione.

"Kila choo muoshe, muangalie mpaka muone na macho yenu. Ikifika Siku ya Mungu, hii Jumapili, asubuhi haijatoka, ao akitapika, ao tumbo ikimuuma, munapanda Goma siku ileile. Kule iko radio ya kupiga picha ya tumbo, na iko chirurgie ya kupasua. Risasi ni sumu. Haiwezi kukaa mule wiki na wiki."

Kisha akamgeukia Isidore akamuuliza huwa anaiyeyushia wapi. Isidore alipojibu, Luc alimwambia kwamba moshi wake nao ni sumu, na kwamba kopo lile lisionekane tena karibu na mahali watu wanapopikia. Isidore aliitikia kila neno, "Ndiyo, muganga."

Kurudi, hakuimba. Mukandori alijua anachowaza, maana hata yeye alikuwa anakiwaza. Kufika Goma na mtoto, na radio, na kisu cha daktari, hiyo ni bei ya bunduki nzima. Na bunduki ikienda, imeenda na mkate wa nyumba. Mwanamume alikuwa amekusanya maganda mwaka mzima ili asitupe jogoo porini.

Ijumaa ilifika bila kitu. Mamy alikula papai zima, akaomba lingine. Alikuwa amefahamu kwamba tumbo lake limekuwa jambo kubwa na alianza kulitumia. Alikataa kuketi kwenye beseni mpaka asimuliwe hadithi ya sungura. Akisimuliwa, alisahau alichokuja kufanya. Godelieve, aliyekwisha sikia, alipita kwenye uzio akiwa na jembe, akauliza kama malkia ameketi kwenye kiti chake leo, au bado anapokea wageni. Mukandori alimjibu kwamba akitaka kusaidia aje ashike beseni. Godelieve akakumbuka kwamba shamba ni mbali.

Saa kumi alasiri mtoto alifanya. Mukandori alilichukua beseni, akaenda nyuma ya nyumba na chujio kuukuu, akamimina maji, akakoroga kwa kijiti, akamimina tena. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. Aliona ukungu, na ndani ya ukungu vitu vyeusi. Alitia vidole. Mbegu za papai. Mbegu za papai ni nyingi, ni nyeusi, ni duara, na zinateleza.

Alizishika moja moja. Hii, hapana. Hii, hapana. Alipofika katikati akagundua kwamba nyingine zimekwisha kwenda na maji, na hajui zilikuwa nini.

Hapo ndipo hofu ilipomkamata hasa. Kama ile punje imepita na yeye hakuiona, mtoto atapelekwa Goma na bunduki itauzwa bure. Kama haijapita na yeye akasema nimeiona, basi. Hakutaka kumaliza wazo hilo. Alirudi mbele ya nyumba na mikono yake imelowa, na kwa mara ya pili akasema naye.

"Papa Mamy, macho yangu haione tena."

Isidore alikuwa anapasua kuni. Aliliweka shoka chini.

"Toka lini, Mama?"

"Toka mvua ya mwaka jana. Sikuambia muntu. Nilisema nitaonekana muzigo mu nyumba ya watu." Akapangusa mikono kwenye nguo. "Maharagwe nilipepeta na vidole. Njo maana."

 Isidore alikuja karibu kuliko alivyowahi kuja, ingawa bado alibakiza hatua mbili katikati, na aliposema alikuwa anaangalia ardhi.

"Mama, ungo nilichukua miye, na sikuomba. Nilijua ni ya chakula. Nilisema, nitamuomba nani, Umuhoza hayuko. Macho yako haina kosa."

Mukandori akamwambia kwamba na yeye alimwona akiuchukua na akanyamaza. Wakabaki wamesimama hivyo, kila mmoja na kosa lake mkononi, na hakuna aliyetaka kumpa mwenzake zito zaidi. Mwishowe Isidore alienda nyuma ya nyumba, akakunja mikono ya shati, akalivuta chujio. Alitazama kila mbegu iliyobaki, akatazama majani mahali maji yalipomwagikia, kwa magoti, kipande kwa kipande. Mwindaji akitafuta damu ya mnyama kwenye majani haharakishi. Alisema haipo. Alisema anaapa haipo, haijatoka.

Mukandori alimwamini. Ilikuwa habari mbaya, lakini angalau ilikuwa ya kweli.

Jumamosi walimnyima Mamy papai, wakampa uji wa mahindi na ndizi mbivu. Walimwambia akimbie mpaka mgombani na kurudi, akakimbia. Hakutapika. Tumbo lilikuwa laini. Isidore alikwisha kuitoa bunduki, akaipaka mafuta, akaifunga kwenye gunia, ikaegemea ukutani tayari kwa safari. Aliongea na kijana mmoja wa pikipiki, akamwambia awe pale kesho alfajiri. Mukandori alitoa kitenge chake cha Pasaka sandukuni, kwa ajili ya kumfunikia mtoto njiani. Kila mmoja aliona alichofanya mwenzake.

Jua lilikuwa bado juu Mamy alipokuja mwenyewe, bila kuitwa, bila hadithi, akasema anataka beseni mbio.

Wakaenda nyuma ya nyumba wote wawili. Fikiria mama mkwe na mkwe wamechuchumaa mchana kweupe juu ya kitu kama kile. Mukandori alisikia masikio yake yanawaka, akashukuru kwamba mama yake yuko kaburini. Yeye alimimina maji kutoka kwenye mtungi, taratibu kama Isidore alivyomwambia, na Isidore alilishika chujio. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu kitu kililia kwenye waya wa chujio, sauti ndogo, na Isidore akaacha kupumua.

"Iko," alisema.

"Unaona kabisa?"

"Naishika, Mama. Nyoosha mukono."

Aliisuuza, akaiweka kwenye kiganja cha mama mkwe. Hakuiacha juu ya jiwe ili aiokote, aliiweka mwenyewe, vidole vyao vikagusana. Mukandori aliipima. Ulikuwa uleule uzito. Aliifunga ndani ya ngumi, akaketi palepale kwenye matope, na kicheko kikaanza kumtoka, kicheko cha msichana, mpaka machozi yakashuka. Isidore alikuwa amejifunika uso kwa mikono iliyolowa, bila kujali imelowa nini. Mamy aliwaangalia wote wawili, akauliza kama amefanya vibaya.

"Umefanya muzuri sana, mama yangu," baba yake alimwambia. "Hakuna muntu alishafanya muzuri kama weye."

Walipokwisha kunawa kwa sabuni mara tatu, Mukandori alimkabidhi mkwe wake ile punje. Isidore aliigeuza vidoleni. Ilikuwa duara, haikuwa na mkia wala shavu lililobonyea. Alisita, akaitazama njia ya kwenda jalalani, akautazama mkebe. Mukandori hakuona macho yanakwenda wapi, lakini hakuusikia mkebe ukilia.

"Usitupe," alisema. "Ichemshe, uiweke na wenzake. Nguruwe haitauliza ilipita wapi."

Isidore alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

Kisha akapanda kilimani, mahali simu inaposhika, kumpigia Umuhoza. Hawakuwa wamemwambia lolote, wasije wakamtoa Lushebere mbio na njia zilivyo mbaya. Upepo ulikuwa unateremka, na Mukandori, akiwa kwenye kiti barazani na Mamy amemlalia mapajani, alisikia vipande vipande. Alimsikia akieleza. Alimsikia akisema ndiyo, imetoka, mutoto iko muzima, anakula. Alimsikia akisema kwamba mafiga ya risasi atayajenga kule bondeni, yeye peke yake. Kisha akamsikia akirudia jibu, mara mbili, kama mtu anayeulizwa asichoamini mwulizaji.

"Mama njo aliniambia. Ndiyo, yeye mwenyewe. Na mudomo yake."

Umuhoza alijibu nini, Mukandori hakujua. Usingizi wa siku tatu ulikuwa umemshika, mkono wake mmoja juu ya tumbo la mtoto, nalo lilikuwa linapanda na kushuka vizuri.